Nilivyomfuta Buibui Wako

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, ila mdomo umezoea.

Nimeanza kujifunza kuiandikia kompyuta amri, hapa chuoni Dodoma. Usicheke. Mimi niliyekuwa nakimbia hesabu, leo naandika mstari mmoja na namba maelfu zinageuka mchoro wa sauti. Ungeupenda. Wewe redio nzima ulikuwa huiachi bila kuifungua.

Mwalimu alituambia kila mtu asafishe sauti yenye kelele. Nikachukua rekodi yako, ile moja tu tuliyobaki nayo, niliyokurekodi kwa simu, unapiga ilimba, ile marimba yako ndogo ya vyuma vya kubofya kwa vidole gumba, uani kwetu Mlali huku mashine ya kusaga ya jirani ikinguruma. Kwenye mchoro, kila chuma cha ilimba kilisimama peke yake, na pembeni yake takataka tele. Nikaandika kichujio, nikakata kila kisichokuwa chuma. Sauti ikatoka safi kama kengele ya kanisa. Nikapata alama nzuri, nikamtumia mama.

Akanipigia. "Mwanangu, huyu anayepiga ni nani?"

Niliumia, sikufichi. Nikarudi kwenye mchoro kuangalia nimekata nini hasa. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukinituma nyuma ya ghala kubandua utando mweupe wa buibui, unaubandika kwenye tundu la ilimba ili ivume. "Bila buibui haya ni mabati tu," ulikuwa unasema. Na mimi nimeufuta ule uvumi wote nikidhani ni uchafu! Msomi wako huyo.

Bahati nzuri rekodi ya mwanzo ilikuwepo. Nikachunguza upya, safari hii bila haraka. Mashine hunguruma palepale, haipandi wala haishuki. Buibui anafuata vidole vyako. Ukiacha, naye anaacha. Basi nikakata pale pa mashine tu, pembamba kabisa, mengine yote nikayaacha. Mama alipoisikia alilia, akaomba nimrudishie tena.

Halafu kuna kitu, Baba. Mwishoni, baada ya chuma cha mwisho, mashine ilikuwa imekifunika miaka yote hii. Unakohoa kidogo, unasogea karibu na simu, unaniuliza, "Imeingia?"

Nilikuwa sijawahi kukujibu.

Pumzika kwa amani. Nakuahidi sitafuta tena kitu kabla sijajua kimetoka kwa nani.

Imeingia, Baba. Yote.

Mwanao,
Neema