Kikopo Kilichoandikwa "Tupu"

Jumatatu, 4 Machi
Mvua asubuhi. Maabara inanukia spiriti na chai. Nimepaka elektrodi, vile vipande vya kupitishia umeme, ile dawa inayonasa homoni ya mimba. Vipande vyenyewe vidogo kuliko ukucha wa mtoto. Ukucha wa mtoto — ona mawazo yangu! Homoni ikinaswa, umeme unabadilika, mstari kwenye skrini unapanda. Isipokuwepo, mstari unalala. Mkojo usio na mimba, wa kulinganishia, natoa mimi tangu mradi huu wa kipimo cha mimba uanze. Kikopo changu kimeandikwa "tupu". Miaka saba ya ndoa, nimeshazoea. Uongo, sijazoea.

Jumatano, 6 Machi
Tupu imepanda kwenye skrini. Kidogo tu, kama mtu anayeamka bila kupenda. Bosi, mama wa watoto wanne, kakunja uso: elektrodi zimechafuka, osha upya. Nimeosha. Imepanda tena. Jioni nimepitiliza kwetu, nikajikuta mwisho wa barabara nimeshika mwavuli uliofungwa, mvua inaninyeshea.

Alhamisi, 7 Machi
Leo imepanda kuliko jana. Mume wangu sijamwambia. Safari ile tulipodhani nina mimba tulifurahi mapema, akanunua kitanda kidogo cha mtoto. Sasa tunawekea nguo za kupiga pasi. Mchana nimesinzia kitini. Nikaota mstari wa bluu unapanda ngazi za nyumba yetu, pole pole, chumba unakijua. Duka la dawa liko ng'ambo tu ya barabara. Sijavuka. Kipimo cha dukani kikisema hapana, ni hapana. Hiki chetu kina kasoro, na mimi naipenda kasoro yake.

Ijumaa, 8 Machi
Bosi kasema tupu ikiharibika tena, elektrodi zote zinatupwa. Waya, fundi wetu wa mitambo, kajitolea: eti tupime mkojo wa mwanamume, huo hauna mjadala. Tumecheka mpaka bosi kafuta machozi.

Wake tumepima. Mstari umelala chali, hata kutikisika haukutikisika. Elektrodi ni nzima.

Kicheko kimekatika. Waya kaenda dirishani, kajifanya anaangalia mvua. Bosi kashika kikopo changu, kanisogelea kama dada. Kasema uchafu haukui siku hadi siku. Kisha kaniuliza: hili neno alifute, au aliache?

Nimemwomba anisubiri kidogo. Niko stoo, naandika juu ya boksi la glavu. Kupitia kioo cha mlango namwona. Bado amesimama palepale, kikopo mkono huu, kitambaa cha spiriti mkono ule.