Volti Ndani ya Kizimba

Mama mdogo,

Ile kabichi yako ya kimchi imefika. Mama anasema umezidisha pilipili, lakini anaimaliza.

Jana kazini, kwenye jumba la sayansi, niliketi ndani ya kizimba cha chuma kilichotiwa chaji. Meneja Pyo akawatangazia wageni, “Humo ndani volti ni sifuri!”

Nikasema polepole, “Bwana meneja, uga wa umeme ndio sifuri. Volti ni ileile ya chuma, maelfu, ila ni sawa kila mahali, ndiyo maana sidhuriki.”

“Wewe kitoto! Shule umemaliza juzi, leo unanifundisha?”

Sasa anadai barua ya kuomba radhi, iandikwe kwa mkono, la sivyo nitafukuzwa. Nina hasira kweli! Nimeandika: “Nisamehe kwa kukusahihisha mbele ya wageni. Kuhusu volti, siombi radhi.”

Nampelekea leo. Habari hii mwambie Mama wewe, mimi naogopa.

Mwanao,
Seul-bi