Santuri za Keiko

Edgbaston, Birmingham
Februari 1971

Mdogo wangu Milka,

Mimi mzima. Wodi ni ileile, theluji imeanza kuyeyuka. Sufuria uliyonipa naipikia ugali wa semolina, usiniulize ladha yake.

Naishi na Keiko, Mjapani anayesomea uuguzi kama mimi. Ana santuri za kwao, zote za kuagana: meli inaondoka, mwanamke anabaki bandarini. Kila Jumapili huzisikiliza, hulia, kisha hupika wali. Nilikuwa nikimcheka.

Telegramu yako ilifika Jumamosi. Mama amefariki na mmeshamzika. Kwetu binti huanza kulia akiwa langoni, kijiji kizima kisikie. Hapa mwenye nyumba hataki hata redio ipigwe kwa sauti. Keiko akaweka santuri, akaongeza sauti hadi mwisho.

"Sasa lia," akaniambia. "Hawatakusikia."

Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Akalia yeye, mpaka nikamshika bega nikampa pole. Halafu nikaenda zamu.

Watu wa matanga wakiuliza kama mama alililiwa huku, sema alililiwa sana. Usiseme alililiwa na nani.

Dada yako,
Zilpah