Kamba ya Mzee Maurice

Kawangware 56,
Jumapili.

Kwa dada Sella,

Niaje sista? Natumai wewe na watoto mko poa hapo Kibera, na kikohozi cha Mourine kimeisha. Mimi niko fiti, hata nimenona. Naandika kwa karatasi kama karani wa kanisa kwa sababu simu yangu iliogelea kwa tenki. Rafiki yangu Murunga ndiye anakuletea hii.

Najua umesikia Mzee Maurice, fundi jirani yako uliyembembeleza anifunze kazi, amefukuzwa na landlodi Kimotho. Kabla watu hawajakupikia stori, soma yangu.

Kwanza, Kimotho ni kichekesho. Ploti ya vyumba ishirini, na gata za paa, ile mifereji ya kukinga maji ya mvua, hajawahi kuzisafisha hata siku moja! Nilitoa huko soksi, magunzi, na nywele za saluni ya Wangoi za kutosha kusuka wanawake watatu. Na wapangaji wake? Wanarusha takataka juu ya mabati, halafu mvua ikinyesha wanashangaa maji yametoka wapi. Watu wazima na ndevu zao!

Tukaambiwa tufunge gata mpya. Maurice akataka tuvute kamba kona hadi kona, apime mteremko wa kuelekea tenki, amwage kikombe cha maji, apime tena. Nusu siku! Nikamwambia mbele ya wapangaji kwamba kamba ni ya kufunga mbuzi, mimi jicho langu linatosha. Wakacheka mpaka basi. Yeye akasema haya, chukua upande wa nyuma, lakini maji hayatajali nani amechekesha watu.

Jumanne ikanyesha. Upande wa nyuma maji yakakimbia mbali na tenki, yakafurika konani na kumwagikia mlango wa Adhis, yule mama fundi cherehani. Sare za shule alizokuwa anashona zikalowa zote. Kimotho akaja akifoka, hii ni kazi ya nani? Maurice akanitazama. Sella, nilisema mzee ndiye fundi, mimi napeana misumari tu. Mimi, na mdomo wangu wote huu! Kimotho akamfukuza mzee palepale. Maurice aliacha kamba yake juu ya ndoo yangu, akaenda.

Jana niliivuta. Gata yangu imelala kinyume, vidole vitatu vizima. Hata Mourine angeona. Nikamwambia Kimotho ukweli; akanitusi mpaka pumzi zikamwishia, akanifukuza na mimi. Lakini amekubali mzee arudi Jumatatu, shida ni kwamba Kimotho akimpigia, Maurice hashiki simu yake.

Nenda kwake leo, ni milango miwili tu. Mwambie upande wa nyuma ulikuwa wangu na Kimotho anajua. Kamba iko na Murunga, nimeikunja vizuri. Sijasema ni kamba ya maana, usinielewe vibaya.

Busu watoto, na uniwekee chapati.

Mdogo wako,
Elvis, mpeana misumari.