Raia wa Lewisville

Lewisville, Texas
Novemba 2018

Mdogo wangu Elia,

Pokea salamu nyingi, na shikamoo yangu umfikishie mama kabla hujaendelea kusoma. Natumaini mgongo wake umepoa na watoto hawaugui. Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo, ila baridi imeanza. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu hapo nyumbani simu mnaiweka spika, na habari hii sitaki mke wangu Queen aisikie akiwa amezungukwa na watu. Barua anakuletea Sadock, anayekuja Bukoba likizo.

Najua mmekwisha kumfanyia Queen sherehe ya kumuaga aje huku kwangu, na chumba chake cha kushonea amekwisha kumwachia mtu. Huko nitafika.

Kwanza siasa, maana mwaka huu tulikuwa na uchaguzi na wewe uliniuliza. Bwana wee, watu waligawanyika! Upande mmoja hapa kwetu ni Melkiori, yule Mtanzania mwenye malori. Yeye anasema serikali imepunguza kodi, sasa anapumua, na anayetaka kuipandisha tena ni adui wa watoto wake. Upande wa pili ni Nyaboke, nesi Mkenya tunayesali naye. Siku ya nyama choma ya kanisa alimwambia Melkiori kwamba kodi anayoikimbia ndiyo inayomtibu mgonjwa asiye na bima, na akianguka na lori lake asimwite. Melkiori akajibu kwamba atajiburuta mwenyewe hadi Houston kuliko kufungwa bandeji na mtu wa chama kile. Watu walicheka mpaka mkaa ukazimika.

Katikati yao yuko nani? Mimi, kaka yako wa darasa la saba. Wagombea wa pande zote walikuja kula kwetu, na wote waliambiwa mzee wa Waafrika Lewisville ni Gelasius. Mmoja nikamwambia nina kura mia mbili mfukoni, mwenzake nikamwambia mia tatu. Wote walinishika kwa mikono miwili. Houston nako niliitwa kusuluhisha Watanzania waliokosana kwa ajili ya kodi hizo hizo. Niliposimama, hata mtoto mchanga aliyekuwa akilia alinyamaza. Nikasema kodi ipunguzwe na hospitali ziongezwe, pande zote zikapiga makofi, kila upande ukidhani niko wake.

Sasa sikia. Siku ile ya nyama choma alikuwepo mama mmoja wa Kizungu na meza ya kuandikisha wapiga kura. Ananisomea maswali, mimi najibu, yeye anaandika. Akaniuliza kama mimi ni sitizeni. Neno hilo nalijua: raia. Na raia kwetu ni nani? Polisi wakifika kwenye vurugu husema raia watawanyike. Kambini raia ni yule asiye na gwanda. Nikamjibu kwa kifua kwamba ndiyo, raia kabisa, hata mgambo sijawahi kuwa. Nikatia sahihi. Kadi ya mpiga kura ikaja kwa posta, ile niliyoipiga picha nikawatumia, mkaionyesha hadi kwa katekista.

Siku ya kwenda kupiga kura nilivaa suti, nikapanga foleni. Nyaboke alikuwa nyuma yangu. Akanipongeza, akauliza niliapa lini na mbona sikuwaalika. Nikamwambia kiapo cha nini, dada, mimi si mwanajeshi. Kisha akanishika mkanda wa suruali, akanitoa kwenye foleni mbele za watu, mzee mzima. Nje akanieleza kwamba huku sitizeni ni Mmarekani, na mgeni hawi hivyo mpaka aapishwe. Mwenye kadi ya ukaazi kama mimi akijiita hivyo, anaweza kufungwa au kurudishwa kwao. Akaniita mjinga, halafu akalia.

Mwanasheria amethibitisha. Jina langu nimeomba lifutwe. Kura sikupiga, na hilo linanisaidia kidogo. Lakini nikiomba uraia, ambao ndio ungemleta Queen haraka, nitaulizwa kwa kiapo kama nimewahi kujiita Mmarekani. Melkiori anasema nikane, nani atachimba? Nyaboke anasema nikikana, lile lililokuwa kosa tu nitakuwa nimeligeuza uongo. Wamegombana juu yangu kuliko walivyogombana juu ya kodi.

Nimeamua kusema ukweli. Kwa hiyo Queen hatakuja kama nilivyoahidi, na huenda nikaja mimi, tena kwa kusindikizwa. Mwendee yule aliyeachiwa chumba cha kushonea, umwombe akirudishe kabla hajakizoea.

Nilipokaa kuandika, nia yangu ilikuwa wewe umweleze Queen kwa maneno yako, mimi nikae pembeni. Hapana. Mpe barua hii aisome mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa.

Queen, ukifika hapa, usimlaumu Elia. Uliponiuliza kama nina uhakika, nilicheka, nikakwambia nchi hii naiendesha mimi. Mke wangu, sina hata kura. Nipigie ukiwa peke yako, unigombeze mpaka uchoke, mimi nitasikiliza.

Msalimieni mama, na watoto waambieni baba mkubwa anawakumbuka kila mmoja kwa jina lake. Mungu awalaze salama.

Mumeo, na kaka wa Elia,
Gelasius