Kurasa Ulizozisoma Bila Kuzikata

Shangazi yangu,

Huku Fisksätra, kaskazini ya mbali, giza sasa linaingia saa tisa alasiri, saa yako ya hadithi. Ulinilea tangu wazazi wangu walipofariki, na ulikuwa na sheria moja: hadithi haisimuliwi mchana, msimuliaji ataota mkia. Kwa hiyo Desemba tuliianza kabla hata chai haijachemka, na Juni, jua likigoma kuzama, tulikaa kama watu waliokatiwa maji.

Hadithi yenyewe ilikuwa moja tu, riwaya nene ya Kiingereza ya zama za malkia wa kale, uliyoinunua kwenye mitumba: yatima anayekulia nyumba ya watu, akitafuta pa kupaita kwao. Ukurasa wa mbele kuna picha ya mwandishi, mzee wa ndevu mwenye macho yasiyokuacha. Kwanza tulimwamkia.

"Shikamoo, Mzee."

Ulitega sikio kidogo. "Kaitikia. Kaa chini."

Kitabu kilikaa mapajani mwako, nami sikuruhusiwa kukigusa. Kila mwaka mwanga ulitukuta kabla ya sura ya mwisho, na giza liliporudi ulianza upya.

Mwezi wa Mei mwaka huu, mimi nina upara na wewe huinuki kitandani, nilikuuliza, "Hivi yule mtoto alipata kwao?"

"Giza likirudi nitamalizia. Unataka niote mkia na umri huu?"

Hukulisubiri.

Wiki iliyopita nilikifungua mwenyewe. Kurasa zilikuwa bado zimeungana kwenye kingo, kama vitabu vya zamani vilivyotoka kiwandani bila kukatwa. Hakuna aliyewahi kuzisoma. Nikampigia Mama Rehema, rafiki yako anayeishi Farsta: labda riwaya hiyo uliisoma shuleni?

Akacheka. "Shangazi yako? Kiingereza chake kiliishia gudi moning."

Nimezikata kwa kisu cha jikoni, sura baada ya sura. Yote yamo kama ulivyosimulia: ngazi inayolia, glavu iliyopotea, hata kikohozi cha bibi mwenye nyumba. Maharage ya nazi hayamo. Hayo najua uliyaongeza wewe.

Imebaki sura ya mwisho. Nikiikata nitajua kama yatima alipata kwao, ila nitakuwa nimeambiwa na karatasi. Leo saa tisa nimeacha taa moja ikiwaka, nikamwamkia Mzee, nikatega sikio.

Kisu nimekirudisha kwenye droo. Nimekaa chini.

Pumzika, Shangazi. Kama hupumziki, endelea.

Mtoto wa kaka yako