Nguruwe wa Bibi Karkasi

Alhamisi, Machi 1983. Kamunyonge, Musoma.

Mvua imekataa tena. Tangu asubuhi mawingu yamekaa juu ya ziwa, hayanyeshi wala hayaondoki. Nimechoka, na uchovu huu si wa kazi ya ofisini.

Niandike kwa mpangilio.

Jumatatu nilipanga foleni ya sabuni kwenye duka la kaya, lile la bidhaa za mgao, pamoja na Sista wa parokia yetu, Mfaransa. Ili muda upite, alitusimulia habari za mji wa kwao, Carcassonne, uliozungukwa na kuta mbili za mawe. Zamani mfalme aliuzingira miaka kadhaa ili watu wafe njaa. Walipobakiwa na nguruwe mmoja na ngano kidogo, mtawala wao, Bibi Karkasi, alimlisha nguruwe ngano yote, akaagiza atupwe chini kutoka ukutani. Nguruwe akapasuka, ngano ikamwagika. Mfalme akaona kama hata nguruwe wao wanashiba ngano, hawa hawawezekani. Akaondoka. Bibi akapiga kengele kwa furaha, na wanasema ndipo mji ukaitwa Carcassonne, yaani "Karkasi anapiga kengele". Sista mwenyewe alicheka: jina hilo lilikuwapo tangu enzi za Warumi, kabla mfalme huyo hajazaliwa. Lakini kwao kila mtoto huambiwa ya nguruwe.

Mama mmoja nyuma yetu akaguna, "Nguruwe mzima, Sista? Si wangemla tu!"

Tulicheka. Mimi hadithi ile niliibeba hadi nyumbani.

Jana wifi yangu, dada ya mume wangu, alikuja na mumewe kutoka Bukima. Mume wangu yuko kazini Bunda, kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Kwetu mgeni akiumaliza ugali, aibu ni ya mwenye nyumba, lazima ubaki. Nilikuwa na unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, wa siku nne. Nikausonga wote. Ugali ukajaa sinia, sato mmoja pembeni, nami nikawa nawahimiza waongeze.

"Kumbe nyie mjini mnakulaga hivi!" wifi alisema. "Sisi huko ni muhogo, tena mara moja kwa siku."

Nilijiona nina akili kama yule Bibi.

Wakati wa kuaga akanishika mkono. "Wifi, Jumamosi nakuletea wanangu wawili. Wakae kwako mpaka tuvune."

"Walete tu," nilijibu. Ningesema nini, na ugali umebaki nusu sinia?

Leo nimekula kiporo hicho. Kimekwisha.

Kinachoniuma si watoto. Bibi Karkasi alimdanganya adui. Mimi nimemdanganya mtu aliyekaa kwenye mkeka wangu akaniambia wazi kwamba wana njaa.

Nimeandika barua. Kesho asubuhi nitampa dereva wa lori linalofuata samaki Bukima: "Wifi, unga ule ndio uliokuwa wote. Watoto walete, ila waje na muhogo wao."

Nimeifunga kabla sijabadili mawazo.